Umejiundia deki yako ya Magic? Hivi ndo unavyoipeleka usiku wa karata ukaipima vizuri

Kwanza tuelewane. Huu mwongozo ni wa mtu aliyekaa na boksi lake la karata za Magic: The Gathering (mchezo wa karata wa kupigana kwa viumbe na uchawi) akaunda deki, yaani rundo lake la kuchezea, kwa akili yake mwenyewe, hajakopi ya bingwa fulani mtandaoni, na sasa anataka kuipeleka kwenye duka la karata siku ya gemu aone itafanyaje mbele ya watu wasiomjua. Kama unachotaka ni zawadi tu basi kopi deki ya mtu, hamna dhambi, wengi wanafanya hivyo. Ila kama unataka kujua wazo lako lina nguvu au halina, hiyo ni kazi nyingine na ina utaratibu wake, maana deki ya kujiundia inaweza kula kichapo mechi zote na bado ikawa wazo zuri, na inaweza ikashinda mbili kwa bahati tu huku ndani imeoza. Unaenda pale na maswali, na matokeo ya mechi ni jibu mojawapo tu.

Nitaongelea Pauper kwa sababu ndo mtindo (aina ya kucheza yenye kanuni zake za karata) unaomfaa mtu wa kujiundia asiye na hela za kuchezea. Magic yenyewe ilitoka 1993, aliyeibuni ni Richard Garfield, wanaitoa Wizards of the Coast, na ina mitindo kibao. Kwenye Pauper kila karata lazima iwe imewahi kutoka kama karata ya kawaida, zile ambazo alama yake ya seti ni nyeusi na ndo zinajaa kwenye kila pakiti. Hata kama kopi yako ina alama ya fedha poa tu, ilimradi kuna toleo lingine ilitoka ikiwa ya kawaida. Mfano Cast Down ya seti ya Dominaria ina alama ya fedha ila Pauper inaruhusiwa. Wizards waliufanya mtindo huu rasmi mwaka 2019, na karata zake nyingi bei ni senti, siyo dola.

Deki ya mfano: panya

Bila mfano tutaongea hewani, kwa hiyo chukua hii. Kuna karata inaitwa Rat Colony, ya 2018, inagharimu mana 2 (mana ni nguvu ya kulipia karata, inatoka kwenye karata za ardhi), ni panya wa 2/1, yaani nguvu 2 na ugumu 1, na kila panya mwingine uliyenaye mezani anamwongezea nguvu 1. Utamu wake ni kwamba imeandikwa unaweza kuweka kopi ngapi upendavyo, wakati karata nyingine mwisho ni 4 (ukiacha ardhi za kawaida kama Swamp). Mtu yeyote akiiona hii kwa mara ya kwanza anapata wazo lilelile, nijaze panya tupu niwakanyage. Sawa, tujaze:

Rat Colony 20, Changeling Outcast 4, Chittering Rats 4, Sign in Blood 4, Cast Down 4, Chainer's Edict 4, Swamp 20. Jumla 60.

Changeling Outcast ni mana 1, hazuiliki, na kwa kuwa yeye ni kila aina ya kiumbe basi anahesabika panya pia. Chittering Rats anamlazimisha mpinzani arudishe karata moja ya mkononi juu ya rundo lake, yaani zamu inayofuata anavuta kitu kilekile alichokuwa nacho. Sign in Blood inakuvutia karata 2 kwa uhai 2. Zilizobaki ni za kuua viumbe vya mwenzio.

Hatua ya kwanza: ichezeshe peke yako nyumbani

Watu wanairuka hii hatua af wanaenda kugundua dukani kwamba deki haiwaki hata bila mpinzani. Changa, vuta 7, cheza zamu 5 au 6 kama vile mbele hamna mtu, andika ulimaliza uhai 20 wa mpinzani zamu ya ngapi. Rudia mpaka uchoke halafu rudia tena.

Hii ya panya tuihesabu kwenye ndoto yake. Zamu ya 1 Outcast (kiumbe kipya hakishambulii zamu ileile kiliposhuka). Zamu ya 2 Rat Colony, Outcast anapiga 1. Zamu ya 3 Rat Colony wa pili, sasa mezani kuna panya 3 kwa hiyo yule wa kwanza ana nguvu 4, pamoja na Outcast unapiga 5. Zamu ya 4 unashusha wawili kabla ya kushambulia, panya wote 5, kila Rat Colony ana 6, wawili wanaoweza kushambulia wanapiga 12 na Outcast 1, jumla 13. Ukijumlisha zote 1 na 5 na 13 unapata 19. Kumi na tisa! Uhai mmoja unabaki na mpinzani hajafanya kitu chochote. Hapo tayari umepata swali la kupeleka dukani: deki inamaliza zamu ya 5 kama haiguswi, je ikiguswa inafika wapi?

Ardhi nazo zihesabu kwa namba, usihesabu kwa hisia. Ukiwa na ardhi 20 kwenye karata 60, karibu asilimia 25 ya mikono yako ya kwanza itakuwa na ardhi 0 au 1 tu, yaani mkono mmoja kati ya minne hauchezeki. Ukipandisha ziwe 22 inashuka mpaka asilimia 19 hivi. Sasa kwa deki ambayo karata zake nyingi ni za mana 2 unaweza kusema 20 zinatosha, na mwenzio akasema hapana, wote mna hoja, ila muhimu uende ukijua umekubali hatari kiasi gani, ili ukikwama usianze kulia bahati mbaya kitu ambacho ulikipanga mwenyewe.

Namba nyingine ya kukaa nayo kichwani: karata uliyoweka kopi 4 utaiona kwenye mkono wa kwanza kama mara 4 kati ya 10. Kwa hiyo deki ambayo haifanyi kazi mpaka uipate karata moja maalum, mara nyingi itaanza bila hiyo karata. Panya hawana tatizo hili kwa sababu ni 20, na hiyo kwa maoni yangu ndo sababu ni deki nzuri ya kujifunzia, inafanya kitu kilekile kila gemu, kwa hiyo ikiharibika unaona imeharibikia wapi.

Hatua ya pili: jua unaenda kucheza nini, na wapi

Piga simu dukani au ingia kwenye ukurasa wao uulize siku gani wanacheza mtindo gani. Usiende Ijumaa kichwakichwa kwa sababu umesikia kuna Friday Night Magic, unaweza kukuta duka zima wanacheza Commander ambayo ni karata 100, uhai 40, watu wanne meza moja, na panya wako 60 hawana pa kukaa. Uliza na kiingilio, uliza na saa ya kujiandikisha, maana raundi ya kwanza ikishapangwa ukichelewa ni shida yako.

Kagua kama karata zako zote zinaruhusiwa. Orodha ya zilizofungiwa inabadilika, mfano All That Glitters ilikuwa inatesa watu Pauper mpaka ikafungiwa 2024, na mtu aliyekuwa na deki yake kabatini tangu 2023 angeenda nayo akarudishwa mlangoni. Orodha iko kwenye tovuti ya Wizards, ni dakika mbili tu. Na karata ulizochapisha nyumbani kwenye karatasi haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi ya dukani, hizo ni za kuchezea na washkaji.

Na kwa mliko Dar au Nairobi au popote ambapo duka la hivi liko mbali, au hakuna kabisa, huko kwa washkaji ndo dukani kwenu: chapisha karata, zitie kwenye vifuko mbele ya karata za kawaida za kopa na jembe ili ziwe ngumu, kubalianeni mtindo na muda, af fuateni hatua hizihizi. Wenye intaneti ya maana wapo pia Magic Online, Pauper iko kule muda wote.

Hatua ya tatu: akiba ya karata 15

Mechi ni bora ya gemu tatu, na baada ya gemu ya kwanza unaruhusiwa kubadilisha karata kutoka kwenye akiba yako ya karata 15. Watu wa kujiundia deki wanadharau sana hii, wanajaza karata 15 zilizokosa nafasi, wakati ukihesabu vizuri gemu nyingi za usiku ule unazicheza akiba ikiwa imeshafunguliwa.

Njia yangu ni hii. Andika deki tano unazotegemea kukutana nazo. Pauper mara nyingi utakuta nyekundu za kuchoma haraka zenye Lightning Bolt, utakuta za ardhi za vyuma zinazoitwa Affinity, utakuta bluu za Counterspell na Tolarian Terror, utakuta Elves, utakuta nyeusi za kuua kila kitu. Mbele ya kila moja jibu maswali mawili: nini kinaniua mimi, na karata zangu zipi hazina kazi hapa.

Panya wanakufa na nini? Rat Colony ana ugumu 1 milele, nguvu inapanda ila ugumu haupandi. Kwa hiyo Electrickery, karata ya mana 1 ambayo ukiilipia 3 inapiga 1 kila kiumbe cha mpinzani, inafagia meza yako nzima. Crypt Rats nao wanafanya hivyohivyo, panya mwenzio anakuua. Breath Weapon pia. Jibu la deki nyeusi ni Duress, mana 1, unaangalia mkono wa mwenzio unamtupisha karata isiyo kiumbe wala ardhi, Electrickery inaondoka kabla haijakufikia, ila Crypt Rats inabaki kwa sababu ni kiumbe. Basi akiba yangu ingekuwa Duress 4, Suffocating Fumes 3 za Elves na viumbe vidogo, Nihil Spellbomb 4 za wanaotegemea kaburi (rundo la karata zilizokufa au kutumika), Gray Merchant of Asphodel 2 za kurudisha uhai kwa wachomaji, Snuff Out 2 za kuua viumbe vya mwenzio. Kila moja ina mtu wake, karata ambayo huwezi kusema ni ya nani itoe.

Jambo dogo ambalo watu wanasahau: andika kabisa unaingiza nini na unatoa nini. Dhidi ya bluu yenye viumbe vinne tu, Cast Down nne nyingi za nini? Ukisubiri uamue pale mezani na mtu anakusubiri utatoa karata ya hovyo.

Begi

Vifuko vya plastiki vya aina moja rangi moja, vipya kama inawezekana, na vya ziada 5 au 6 kwa sababu lazima kimoja kitapasuka (kifuko kilichokunjika kona kinahesabika karata yenye alama na jaji anaweza kukubana kwa hilo hata kama hukukusudia). Kalamu na kijitabu cha kuandikia uhai, dadu zinaanguka mtu akigusa meza na mkianza kubishana alikuwa na 7 au 9 hamna ushahidi. Maji. Simu yenye chaji, maduka mengi yanatumia programu ya Companion kupanga nani anacheza na nani, ukiwa na akaunti tayari hutasumbua mtu.

Hatua ya nne: chagua maswali, yasizidi matatu

Hapa ndo moyo wa mambo. Kabla hujatoka nyumbani andika kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu vitu unavyotaka deki ikujibu usiku huo. Kwa panya ningeandika: ardhi 20 zinatosha? Sign in Blood nashusha zamu ya 3 au kila mara nataka kushusha panya badala yake? Nikifagiliwa meza mara moja naweza kurudi?

Swali liwe la kujibika kwa kuangalia, siyo "je deki ni nzuri", hilo halijibiki kwa usiku mmoja wa mechi tatu au nne. Halafu kila gemu ikiisha, kabla hujachanga, andika mstari mmoja: nilianza au alianza, nilibaki na karata ngapi za kuanzia, nilikufa au nilishinda zamu ya ngapi, na karata ipi ilikaa mkononi muda mrefu bila kazi. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Karata ikiandikwa mara nne usiku mmoja kwamba imekaa tu, hata kama unaipenda vipi, imeshajieleza.

Hatua ya tano: mezani

Salimia, sema jina, mwambie mpinzani ni deki yako ya kujiundia kama unajisikia, wengi wanafurahi maana wamechoka kuona deki zilezile. Changa vizuri mbele yake, mpe achange au akate, na we mkatie yake. Usiguse karata zake bila kuomba. Karata usiyoijua omba uisome, hakuna anayekushangaa, kuna karata zaidi ya elfu ishirini duniani na hata wakongwe wanasoma.

Mkono mbaya urudishe. Utaratibu wa sasa ni unachanga tena unavuta 7, af unaweka moja chini ya rundo kwa kila mara uliyorudisha. Mtu wa deki ya kujiundia ana tabia ya kubaki na mkono wa ardhi 1 kwa sababu panya wote wamo wazuri wanamwangalia, aisee rudisha. Ukibaki nao ukakwama, gemu nzima haijakufundisha chochote kuhusu deki, imepotea.

Raundi ni dakika 50, muda ukiisha mnacheza zamu 5 za ziada mnamalizia hapo. Ushindi pointi 3, sare 1. Hautolewi ukifungwa, raundi inayofuata unapangwa na mwenye pointi kama zako, kwa hiyo hata ukila kichapo raundi mbili za kwanza usiondoke, tena huko chini ndo utakutana na wenzio wa kujiundia na gemu zinakuwa za kirafiki zaidi.

Magic haina ile ya kutangaza "niko kadi" ukikaribia kumaliza. Ila mpinzani akikuuliza una karata ngapi mkononi lazima umjibu ukweli, na ye hivyohivyo, kwa hiyo uliza. Ukiona mambo hayaeleweki nyoosha mkono uite jaji hata kama mpinzani ni mzee wa pale dukani miaka yote, kumwita jaji siyo kumshtaki mtu. Na mtu asikudanganye mkarusha dadu kuamua mshindi au akuahidi pakiti ukimwachia mechi, hiyo inaweza kuwatoa wote wawili mashindanoni.

Kucheza panya wenyewe kuna kitu kimoja cha kuangalia. Mkono ukijaa utataka kuwashusha wote, wanapendeza wakiwa wengi. Ukimwona mwenzio ana ardhi nyekundu 3 hazijatumika na hana haraka yoyote, bakiza wawili mkononi. Utapiga kidogo zamu hiyo ila ukifagiliwa unaanza upya na kitu.

Hatua ya sita: muulize aliyekufunga

Mechi ikiisha muulize mawili: karata yangu gani ilikusumbua, na gani ulifurahi kuiona. La pili ndo lenye faida. Mtu akikwambia alifurahi kila ulipotumia zamu ya 3 kuvuta karata badala ya kuongeza panya, amekujibu swali lako la Sign in Blood bure kabisa. Usijitetee hapo, usianze "ningepata ardhi moja tu". Andika, shukuru.

Watakushauri na ubadilishe deki nzima iwe ile wanayoijua wao. Sikiliza kwa adabu halafu chuja. Ushauri wa "toa hii weka hii" ni wa kujaribu, ushauri wa "acha panya cheza Affinity" ni wa mtu anayetaka kukuuzia Affinity yake, natania, ila kidogo tu.

Hatua ya saba: kesho yake

Usibadilishe kitu usiku uleule ukiwa na hasira. Kesho fungua kijitabu, tenganisha gemu ulizokwama ardhi na gemu ulizocheza kweli, af angalia hizo za pili tu. Badilisha karata 2 mpaka 4, zisizidi, kwa sababu ukibadilisha 15 wiki ijayo hutajua ni ipi imesaidia. Kwa panya, kama kijitabu kinasema Sign in Blood zilikaa mkononi na ardhi zilipungua, basi toa Sign in Blood 2 weka Swamp 2, ziwe 22, mengine yote acha yalivyo, na juu ya ukurasa mpya andika maswali mapya matatu.